Mashine Ndani ya Mfuko wa Kukimbia

Mchezo bora kuliko yote niliyowahi kucheza ulikuwa wa vifaru. Nimecheza mingi baada ya hapo, mingine ina picha safi mpaka unaona jasho shingoni mwa mchezaji, na bado sijabadili msimamo. Kifaru kimoja cha njano, kimoja cha kijani, kuta za matofali mekundu, na chini kabisa ya kioo nyumba ndogo ambayo lazima ilindwe. Maadui wanashuka kutoka juu. Ukizubaa wanabomoa matofali, wanapiga nyumba, na mchezo umekwisha hata kama kifaru chako ni kizima. Wewe hujafa, nyumba ndiyo imekufa, na hiyo inatosha. Wachache sana kati ya waliotengeneza michezo baadaye walikuwa na akili ya namna hiyo.

Niliucheza na papa. Alikuwa mfanyabiashara wa jibini. Aliishusha kutoka milima ya Masisi, akaipanga kwenye rafu katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya mtaa wa Murara, mjini Goma, na nguo zetu zote zilinuka maziwa yaliyolala. Mwaka niliposhika nafasi ya kwanza darasani alirudi nyumbani na boksi. Ndani yake mlikuwa na mashine ya mchezo, maneti mbili, yaani vishikio vya kuchezea vyenye vitufe na nyaya fupi, bastola ya plastiki, na kaseti moja iliyoandikwa kwamba ina michezo mia tisa tisini na tisa. Nilikaa nikaihesabu. Ilikuwa saba. Iliyobaki ni saba ileile, imepewa majina mengine au inaanzia katikati. Nilikasirika kama mtu aliyeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Papa akacheka. "Saba inatosha," akasema. "Hata juma iko na siku saba tu."

Kuhusu mchezo wa kupiga ndege kwa bastola siwezi kutoa maoni, kwa sababu sikuucheza hata mara moja. Mama aliigeuza ile bastola mkononi, akatazama dirisha. Mji ulikuwa wa waasi wakati ule, na watu wenye bunduki walipita kwenye njia yetu kila siku. "Mutu akiona mutoto na hii kitu ku dirisha," akasema, "atauliza kwanza ao atapiga kwanza?" Akaitumbukiza chooni. Michezo miwili kati ya saba, iliyohitaji bastola, ilikufa pale pale, tukabaki na mitano.

Papa hakuwa mchezaji. Vidole vyake vilikuwa vinene, alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kifaru chake hakikwenda mbele hata siku moja. "Mimi nabaki ku nyumba," alikuwa akisema, "weye enda." Mimi nikapanda juu, nikaua, nikauawa, nikarudi tena. Yeye alizunguka kanyumba ketu akigeuza mzinga huku na huku. Mama aliketi nyuma yetu akichagua maharagwe, na papa alimwita kila tulipovuka hatua: "Bibi, umeona? Umeona mutoto wako?" Mama alisema ameona, hata kama hakuwa akiangalia. Sijawahi kuwa na furaha nyingine ya ukubwa ule, na nina zaidi ya miaka thelathini.

Sasa lazima nieleze mfuko. Kila nyumba ya Goma katika miaka ile ilikuwa na mfuko wa kukimbia. Wetu ulikuwa wa kitambaa cha buluu, wenye zipu, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani yake mlikuwa na blanketi, chumvi, sabuni, kadi zetu za ubatizo, na bahasha ngumu ya karatoni yenye karatasi za kiwanja. Sheria ya papa ilikuwa moja: mfuko haufunguliwi. Yeye tu aliukagua, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kanisa.

Januari moja umeme ulikatika kwa siku nyingi na mashine ikawa haina kazi. Wakati huohuo ukavuma uvumi kwamba vita vinakaribia mji. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na hesabu yangu ilikuwa rahisi: tukikimbia, mashine itabaki, na wezi wataichukua. Siku moja mama akiwa sokoni niliushusha mfuko. Ulikuwa umejaa. Bahasha haikukunjika, kwa hiyo niliitoa, nikaiweka chini ya godoro langu, na mahali pake nikasukuma mashine na nyaya zake zote. Boksi tupu nikalirudisha kwenye rafu. Nilipanga kurudisha kila kitu kabla ya Jumapili ya ukaguzi. Halafu nikasahau, jinsi watoto wanavyosahau, nikaenda kuruka kamba.

Vita havikuja. Ulikuja mlima.

Kuhusu lava ya kwenye michezo nina ugomvi wa muda mrefu. Nimeikuta katika michezo isiyopungua kumi. Walioichora hawajawahi kuiona. Kwao ni maji mekundu yanayong'aa, yanakwenda mbio, ukiyagusa unakufa, ukianza upya yamerudi chini yanakungoja. Ile iliyoingia mjini kwetu mwaka elfu mbili na mbili ilikuwa nyeusi kwa juu na nyekundu kwenye nyufa, na ilisikika kama watu wanaomwaga vyungu vilivyovunjika. Na ilitembea polepole. Mtu mzima aliweza kutangulia mbele yake amebeba kitanda, ndiyo maana waliookoa vitanda kwetu ni wengi. Lava ya mchezo haikupi muda. Ya kwetu ilitupa muda tele, na huo muda ndio ninaoshindwa kuusamehe.

Mchana ule papa aliingia kutoka barabarani akasema neno moja tu: "Tutoke." Mama alizima makaa, akachukua beseni. Mimi nilipewa bidoni ya maji. Papa aliuondoa mfuko kwenye msumari, akauvaa mgongoni, na ndani yake nikasikia maneti zikigongana. Nilisimama. Chumba changu kilikuwa hatua nane kutoka pale. Godoro lilikuwa jepesi. Lava ilikuwa bado mbali na njia yetu, na watu walikuwa wakiingia na kutoka majumbani mwao mara mbili, mara tatu, wakifuata masufuria. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini uso wa papa ulikuwa uso ambao sikuujua, nikaogopa kofi, nikajiambia kwamba nyumba yetu haitafikiwa, tutarudi kesho, na bahasha nitairudisha kimya kimya. Nikafunga mdomo. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, katikati ya umati, na njia nzima nilisikia maneti zikigongana mgongoni mwa papa.

Kesho yake adhuhuri, katika uwanja wa shule tulikopata pa kulala, alipita mtu akiandika majina ya familia zilizokimbia. Papa akafungua mfuko ili atoe karatasi. Alitoa blanketi, akatoa chumvi, akatoa mashine. Aliishika kwa mikono miwili na nyaya zikaning'inia mpaka kwenye magoti yake. Watu wa karibu wakageuza macho.

"Hii ni nini?" akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Mama alinitazama mara moja. Sidhani ilizidi muda wa kupepesa jicho, lakini alikwisha kuelewa yote.

"Ni mimi," akasema. "Bahasha ilishikaka baridi, nikaitoa ikauke. Ile mashine nikaiweka pale juu ya kuogopa wezi. Nikasahau kurudisha bahasha."

Papa hakupiga kelele. Alirudisha mashine mfukoni, akaweka chumvi juu yake, akaweka blanketi, akavuta zipu mpaka mwisho. Baadaye, kwenye foleni ya maji, mama aliinama sikioni kwangu. "Humura," akaniambia, yaani nisiogope. Alitumia Kinyarwanda tu alipotaka kutuliza mtu. "Weye uko mutoto. Hasira ya papa itakuponda. Mimi nitaibeba, itapita." Nilimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Tuliporudi, mwamba ulikuwa bado na joto chini ya viatu. Njia yetu yote ilikuwa imelala chini yake, nyumba, rafu, jibini, godoro. Watu walianza kutafuta viwanja vyao juu ya mawe, wakihesabu hatua kutoka kwenye ukuta mmoja wa kanisa uliobaki umesimama. Papa naye alihesabu. "Hapa mulango. Hapa rafu ya kwanza. Hapa mutoto analala." Alikwenda kila siku, kwa miezi, akipanga vijiwe kwenye pembe nne. Halafu akaja mtu mmoja mwenye viatu visafi, na karatasi yenye muhuri, akasema kiwanja ni chake. Labda karatasi ile ilikuwa ya uongo. Sisi tulijua ni ya uongo. Papa alikuwa na mashahidi wawili: mmoja hakurudi kutoka Gisenyi, wa pili aliogopa. Wazee waliokaa kusikiliza mashauri walikuwa na heshima. "Papa, sisi tunakuamini," walimwambia. "Sasa karatasi iko wapi?"

Leo pale pana nyumba ya ghorofa yenye geti la buluu. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya lava ileile iliyofunika kitanda changu. Nikilazimika kupita Murara, napita njia nyingine.

Tukapanga vyumba viwili katika mtaa wa Keshero. Kuanzia hapo papa hakusema tena na mama moja kwa moja. Hakumpiga, hakumtukana, hakumfukuza. Watu wa kanisani walimwona bwana mpole. Lakini alipotaka chumvi, na mama ameketi kando yake wanakaribia kugusana viwiko, alinigeukia mimi. "Ambia mama yako alete chumvi." Mama aliileta kabla sijafungua mdomo. "Ambia mama yako kesho naenda Sake." Mama alipanga shati lake. Nilikuwa kamba ya simu kati ya watu wawili wanaosikiana, na mimi ndiye niliyekuwa nimewakata. Neno "bibi" sikulisikia tena ndani ya nyumba ile. Mashine iliwekwa juu ya kabati. Haikuwashwa, na mama aliifuta vumbi kila Jumamosi, kwa sababu aliyesema uongo lazima autunze.

Mimi nilihamia kwenye chumba cha michezo cha mtaani. Kilikuwa cha mabati, na televisheni tatu na jenereta iliyokohoa nje. Wachezaji wote walikuwa wavulana, msichana ni mimi tu. Pale ulitawala mchezo wa mpira, na nataka ijulikane kwamba siupendi, ingawa nilikuwa fundi wake. Kila mtu anachagua timu zilezile mbili, zenye wachezaji wanaokimbia kama wanaofukuzwa na nyuki, halafu akishinda anavimba kichwa kana kwamba amefanya kitu. Mimi nilichagua timu ndogo ya nchi ya baridi, ambayo hakuna aliyeweza kulitamka jina lake, na niliwafunga wote nayo. Waliniita muchawi. Ubaya mwingine wa mchezo huo ni refa wake. Hakosei. Mtu anayelelewa na refa wa namna ile anatoka nje na matumaini ya kijinga.

Waasi walipoingia mjini tena, miaka kumi baada ya volkano, watu walijifungia siku mbili. Siku ya tatu chumba cha michezo kilifunguliwa, maana njaa haingoji uasi upite. Akaingia mmoja wao. Hakuwa mkubwa kwangu. Aliweka silaha katikati ya magoti, akachukua maneti, akaniambia, "Njoo tucheze." Mwenye chumba alinitazama kwa macho ya kuomba: mwachie ashinde. Ningeweza. Lakini nilikuwa na uongo mmoja nyumbani uliojaza nafasi yote, sikuwa na pa kuweka wa pili. Nilimfunga manne kwa sifuri. Yule kijana akacheka, akasema, "Weye uko mubaya," tukarudia, nikamfunga matatu. Akashukuru akaondoka. Mwenye chumba alinifukuza mwezi mzima, na alikuwa na haki. Sijivunii mchezo ule. Ujasiri wangu wote niliutumia mahali ambapo haukuhitajika.

Nilitoka pale, nikamkuta mama jikoni akipepea makaa. Nikamwambia, "Leo namuambia papa."

"Utamuambia nini?"

"Ukweli."

Aliendelea kupepea. "Ukweli iko na miaka kumi. Utamuambia muke wake ni mwongo? Utamuambia miaka kumi yote nilimuangalia akichoma roho yake bure, na mimi nikanyamaza? Weye atakusamehe, uko damu yake. Mimi utakuwa umeniharibu mara ya pili." Halafu akasema moshi unamuumiza macho na nikoroge ugali mimi.

Nikakoroga ugali. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema ni cha nani.

Baada ya hapo ikaja michezo ya vita yenye picha kamili, ambayo unaona mikono yako na bunduki mbele yako, na unapita mji uliobomolewa. Vijana waliniuliza maoni yangu kwa sababu nilikuwa na sifa ya ukorofi. Niliwaambia ni kazi ya watu wavivu. Milango imechorwa, matundu ya risasi yamechorwa, hata takataka zinapeperuka, lakini wako wapi watu? Nimecheza siku nzima nikitafuta mwanamke mmoja mwenye beseni kichwani. Nimetafuta godoro juu ya baiskeli, mbuzi, mzee anayerudi kufunga mlango kwa kufuli. Hakuna. Barabara tupu, wewe na maadui. Vita vyote nilivyoviona mimi, wenye bunduki walikuwa wachache na wenye magodoro walikuwa mji mzima. Mchezo usiojua hilo hauna la kunifundisha. Na kusema kweli, hata kama wangeweka watu hao, ningeuacha, kwa sababu ningejitafuta na bidoni yangu na ningejiona nimenyamaza.

Mama aliugua figo. Wakati huo nilikuwa na kameza ka kutengeneza simu karibu na soko, na kwenye simu yangu mwenyewe nilikuwa na mchezo wa shamba. Ni mchezo ninaouchukia kuliko yote, na niliucheza kuliko yote. Unapewa ardhi bure. Unapanda viazi, baada ya saa nne vimekomaa. Hakuna anayekuja na muhuri, hakuna anayekuuliza karatasi, na ukitaka kupanua unagusa ua linasogea. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiwa na shamba kubwa kama nusu ya Masisi, ng'ombe arobaini, na chumba cha jibini, huku ndani mama anavimba uso. Papa aliketi upande wa pili wa kitanda. Siku ya mwisho aliniambia, "Ambia mama yako ageuke, ile upande inamuumiza." Mama alikuwa macho. Aligeuka. Nilitamani kulia kwa sauti mpaka wauguzi waje, badala yake nilivuna viazi. Siku ya maziko niliufuta mchezo ule na sijauweka tena.

Volkano ilipofunguka mara nyingine, lava ilisimama kabla ya kuingia katikati ya mji, lakini ardhi ilitikisika siku kadhaa, na asubuhi moja tukaambiwa tuhame. Mimi na papa tukashika barabara ya Sake kwa miguu, katikati ya mji mzima unaotembea. Papa alikuwa mzee sasa. Mfuko wake wa kukimbia aliubeba mwenyewe. Tangu Gisenyi hakumruhusu mtu kuugusa, na hakungoja tena Jumapili. Aliukagua kila siku. Tulipopumzika aliufungua, akapapasa, akatoa bahasha. Ndani yake kulikuwa na kadi yake ya kura na karatasi ya kifo cha mama.

"Iko," akasema. "Safari hii mama yako hayuko wa kuitoa."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema jinsi mtu anavyotaja mvua. Na mimi, niliyenyamaza miaka kumi na tisa, nilishindwa kunyamaza dakika moja zaidi.

"Papa, haikuwa mama. Ni mimi niliitoa. Niliweka mashine yangu, bahasha nikaifichaka chini ya godoro."

Aliketi juu ya jiwe. Watu walitupita pande zote mbili. Aliniuliza maswali matatu, na nayakumbuka kwa mpangilio wake.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na juu ya nini unaniambia sasa, haukuniambia zamani?"

Nilisema nimechoka kuibeba peke yangu. Papa akatazama barabara, akatikisa kichwa kidogo, mara nyingi.

"Weye umechoka, umetua muzigo," akasema. "Mimi nitautua kwa nani? Yeye iko chini ya udongo. Nitamuomba nani musamaha?"

Akainuka akavaa mfuko. Tulifika Sake bila neno jingine, na siku zote tulizokaa pale, katika darasa la shule pamoja na familia nyingine sita, hakunigeukia. Nilidhani nimemrudishia mama heshima yake. Nilichofanya ni kumpa mzee wa miaka sabini jambo ambalo hawezi kulirekebisha hata kwa dakika moja. Nilimfanyia yeye kile ambacho mama alikataa kumfanyia. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga mara mbili.

Kisha kichwa chake kikaanza kupotea. Kilianza kidogo kidogo, na mwaka ambao waasi waliuchukua mji kwa mara nyingine, baada ya siku za mabomu tulizolala sakafuni, kiliondoka zaidi. Anauliza kama jibini imeshuka kutoka Masisi. Anauliza kwa nini tumehamia Keshero. Na karibu kila adhuhuri, akiona sahani yake, anasimamisha kijiko na kuuliza lile swali, kana kwamba tumetoka kwenye uwanja wa shule ya Gisenyi dakika hii.

"Ni nani aliweka mashine mu mufuko?"

Mwanzoni nilijibu ukweli, maana nilikwisha kuapa sitadanganya tena. "Ni mimi, papa." Na kila mara ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia. Aliniuliza kama mama alijua. Aliuliza tangu lini. Halafu uso ulimvunjika, akasukuma sahani, akalia, mzee mzima mwenye suti ya kanisani. Alikaa bila kula mpaka jioni. Asubuhi alikuwa amesahau, na adhuhuri aliuliza tena. Nilimpa habari ile siku kumi na mbili. Nilizihesabu. Alikonda mbele ya macho yangu.

Mchezo ninaocheza siku hizi ni wa kupanga peremende za rangi kwenye simu. Ni mchezo wa kijinga na sina aibu kuusema. Tatu za rangi moja zikikutana zinapotea, nyingine zinashuka. Hauna nyumba ya kulinda, hauna shamba, hauna mtu. Nimepita hatua elfu mbili na sikumbuki hata moja. Nikiulizwa kama ni mzuri, nasema unafaa kwa mtu anayengoja mwingine amalize kula.

Siku ya kumi na tatu nilikuwa naucheza papa alipoinua kijiko akauliza. Sikuondoa macho kwenye simu.

"Ni mama, papa," nikasema. "Bahasha ilishikaka baridi, akaitoa ikauke. Akasahau."

Mabega yake yakashuka, uso ukalainika, akachota maharagwe.

"Mama yako hajui kupanga vitu," akasema. Akatafuna, akameza. "Lakini nilishamusamehe zamani. Yeye mwenyewe anajua."

"Ndiyo, papa," nikasema. "Anajua."

Alimaliza sahani yote na akaomba nyingine. Tangu siku ile hivyo ndivyo ninavyomjibu kila adhuhuri, na amerudisha mwili kidogo.